Shule zinapofungwa Durban: historia ya mihula minne

Je, ni bora mwaka wa masomo ugawanywe katika mihula michache mirefu, au mihula mingi mifupi? Serikali nyingi duniani zimewahi kukabiliwa na swali hilo. Makala yetu ya historia leo yanaelekea Durban, nchini Afrika Kusini, katika ufukwe wa South Beach, ambako jibu lililotolewa na taifa hilo huonekana kwa macho kila shule zinapofungwa.

Mpenzi msikilizaji, South Beach ni sehemu ya ukanda wa fukwe za jiji la Durban unaojulikana kama Maili ya Dhahabu. Nyuma ya mchanga kuna majengo marefu ya hoteli na ya kupanga, na upande wa kusini kuna Hospitali ya Addington na eneo la Point, karibu na lango la bandari.

Siku ya kawaida ya masomo katikati ya muhula, ufukwe huo huwa na nafasi tele. Lakini siku ya mwaka mpya, shule zikiwa zimefungwa nchi nzima, umati hufurika kiasi kwamba manispaa ya eThekwini huwavisha watoto wadogo vitambulisho vya mkononi, ili anayepotea aweze kurudishwa kwa wazazi wake. Tofauti ya siku hizo mbili huletwa kwa sehemu kubwa na kalenda ya shule, na kalenda hiyo ina historia yake.

Kalenda yenyewe

Shule za umma za Afrika Kusini hufuata mihula minne. Wa kwanza huanza katikati ya Januari na kumalizika Machi au mwanzoni mwa Aprili, wa pili huishia Juni, wa tatu huanza Julai hadi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na wa nne huishia Desemba. Muhula mmoja huchukua takriban wiki 9 hadi 11, na jumla ya siku za masomo kwa mwaka hukaribia 200.

Baina ya mihula hiyo huwapo likizo fupi ya siku chache au wiki moja na ushei karibu na Pasaka, likizo ya takriban wiki tatu katikati ya mwaka, wiki moja hivi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kisha likizo ndefu ya Krismasi na mwaka mpya.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki mpangilio huo ni mgeni kidogo. Kenya na Uganda zina mihula mitatu, na vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimezoea kusema likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba. Tanzania ina mihula miwili, mmoja ukianza Januari na mwingine Julai, na kila mmoja ukikatwa na mapumziko mafupi. Mtindo wa mihula mitatu ulirithiwa kutoka Uingereza, ambako mwaka wa shule uligawanywa na Krismasi, Pasaka na likizo ndefu ya kiangazi.

Treni kutoka Johannesburg

Ili kuelewa uhusiano wa likizo na ufukwe wa Durban, hatuna budi kurudi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 reli iliunganisha bandari ya Durban na Johannesburg, mji uliokuwa umechipuka kwa kasi baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai usiku wake huwa wa baridi kali. Durban, inayopashwa joto na mkondo wa bahari unaotoka kaskazini, haina baridi ya namna hiyo.

Kwa hiyo Julai ikawa msimu wa Durban. Mwaka 1897 zilianzishwa mbio za farasi za Durban July, ambazo hadi leo huvuta maelfu ya wageni mwanzoni mwa mwezi huo. Familia za Wazungu wa bara, zenye uwezo wa kulipa nauli na hoteli, ziliteremka pwani wakati watoto wao wamefunga shule. Likizo ya katikati ya mwaka ikawa mhimili wa uchumi wa jiji, sawa na ile ya Desemba.

Utegemezi huo ulijidhihirisha wakati wa misiba. Durban ilikuwa imeweka nyavu za kuzuia papa katika fukwe zake tangu mwaka 1952, lakini miji midogo ya pwani ya kusini ya Natal haikuwa na kinga hiyo. Kati ya Desemba 1957 na Aprili 1958, papa waliwashambulia waogeleaji mara kadhaa katika pwani hiyo, na watu wakapoteza maisha. Misiba hiyo iliangukia msimu wa Krismasi na Pasaka. Wageni walifungasha virago na kuondoka, na biashara zilizotarajia kuvuna katika wiki chache za likizo zikabaki bila wateja.

Ubao wa lugha tatu

Hata hivyo, likizo hiyo ya pwani haikuwa ya kila mtoto. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma iliruhusu mahali pa umma patengwe kwa misingi ya rangi, na mwaka 1960 sheria hiyo ilipanuliwa ili kuzihusisha waziwazi fukwe za bahari. Fukwe za katikati ya jiji la Durban, South Beach ikiwemo, zilikuwa za Wazungu. Mbao za manispaa zilitangaza hivyo kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, ili pasiwepo wa kudai hakuelewa.

Miongoni mwa waliofungiwa nje walikuwamo watu wenye historia inayotugusa wasemaji wa Kiswahili. Kuanzia Agosti 1873, watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Kiingereza waliletwa Durban kutoka Zanzibar. Wengi wao walikuwa na asili ya Kimakua kutoka kaskazini mwa Msumbiji, lakini Durban iliwaita Wazanzibari, na jina hilo likabaki. Waliishi kwa vizazi kadhaa King's Rest, katika eneo la Bluff, ng'ambo tu ya bandari kutoka Point. Mwaka 1961 serikali iliwaorodhesha kama Waasia wa kundi jingine, wakahamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi, na watoto wao wakasoma katika shule za Wahindi. Watu walioletwa kwa bahari na kuishi kando ya bahari wakapoteza makazi ya pwani, na South Beach ilikuwa marufuku kwao.

Elimu nayo ilikuwa imegawanywa vipande vipande. Tangu Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, shule za msingi na sekondari ziliachwa mikononi mwa majimbo. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ikawatenga wanafunzi Waafrika, na katika miaka ya 1960 Machotara na Wahindi nao wakawekewa idara zao. Kufikia miaka ya 1980 nchi hiyo moja ilikuwa na idara za elimu zaidi ya 15. Katika hali hiyo, mwaka wa masomo wa taifa zima haukuwezekana, kwani taifa lenyewe lilikuwa halikubaliwi kuwa moja.

Kuta hizo zilianza kubomoka mwaka 1989. Mwezi Agosti, katika kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, wagonjwa weusi walikwenda kutaka matibabu katika hospitali za Wazungu, na Addington ya Durban ilikuwa mojawapo. Maandamano yalifika pia katika fukwe. Mwezi Novemba mwaka huo Rais F.W. de Klerk alitangaza kwamba fukwe zote zifunguliwe kwa watu wote, na mwezi Oktoba 1990 sheria ya mwaka 1953 ikafutwa rasmi.

Kalenda moja kwa nchi moja

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, idara zile nyingi ziliunganishwa kuwa wizara moja ya taifa na idara 9 za majimbo. Sheria namba 27 ya mwaka 1996 kuhusu sera ya elimu ilimpa waziri wa taifa mamlaka ya kuweka sera juu ya mambo mengi, yakiwemo muda wa chini wa masomo kwa siku na idadi ya siku za shule kwa mwaka. Mihula minne ikawa utaratibu wa shule zote za umma. Shule za binafsi zilibaki na uhuru wao, na baadhi yake zinafuata mihula mitatu mirefu zaidi.

Lakini hata kalenda moja ilikuwa na nyuso mbili. Katika miaka kadhaa, ikiwemo 2022 na 2023, majimbo yaligawanywa katika kundi la bara na kundi la pwani. Majimbo ya bara, Gauteng yakiwa na Johannesburg miongoni mwake, yalifungua shule wiki moja kabla ya KwaZulu-Natal na majimbo matatu ya Rasi. Faida kwa Durban ni rahisi kuiona. Barabara kuu ya N3, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kati ya Johannesburg na Durban, haikulazimika kubeba familia zote siku zilezile, na msimu wa hoteli uliongezeka kwa siku kadhaa.

Mwaka 2024 utaratibu ulikuwa tofauti. Shule zote za umma nchini zilifunguliwa siku moja, tarehe 17 Januari, na mwaka 2025 zikafunguliwa pamoja tarehe 15 Januari. Familia yenye mtoto mmoja anayesoma Soweto na mwingine Umlazi ikaweza kukaa pamoja hadi siku ya mwisho ya likizo.

Mfano mkubwa zaidi wa nguvu ya jambo lililo nje ya darasa ulikuwa mwaka 2010. Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la kandanda kuanzia tarehe 11 Juni hadi 11 Julai, na Durban ilikuwa miongoni mwa miji mwenyeji, ikiwa na uwanja mpya wa Moses Mabhida. Likizo ya katikati ya mwaka, ambayo kwa kawaida ni wiki tatu hivi, ilirefushwa hadi takriban wiki tano ili ienee mashindano yote. Mihula ikasogezwa kwa ajili ya mpira, na mashabiki wakatazama mechi katika skrini kubwa iliyowekwa kando ya bahari.

Mihula mifupi: tiba au mzigo?

Afrika Kusini haiko peke yake katika kuchagua mihula minne. Jimbo la New South Wales nchini Australia liliacha mihula mitatu mwaka 1987, New Zealand ikafanya hivyo mwaka 1996, na kisiwa cha Tasmania kikafuata mwaka 2013. Nchini Uingereza, tume huru iliyoundwa na chama cha serikali za mitaa ilipendekeza mwaka 2000 mihula sita yenye urefu unaokaribiana.

Hoja za watetezi wa mihula mifupi zinafanana kila mahali. Mtoto na mwalimu huchoka, na wiki za mwisho za muhula mrefu huzaa matunda machache. Likizo ndefu nayo humfanya mwanafunzi asahau. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara, wanasema, humwezesha mtoto kupumua bila kupoteza alichojifunza.

Wapinzani nao wana hoja zao. Kila shule zinapofungwa, mzazi anayefanya kazi hutafuta wa kumwangalia mtoto. Kila zinapofunguliwa, kuna nauli, na kwa walio bweni kuna vifaa na safari ndefu. Muhula ukiwa mfupi mno, mitihani hula sehemu kubwa ya muda wa kufundisha.

Kenya ilionja upande huo wa pili. Baada ya shule kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, serikali iliamua kufidia muda uliopotea kwa kubana miaka ya masomo. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwezi Julai na kumalizika Machi 2022, na ule wa 2022 ukaanza mwezi Aprili. Mihula ilifupishwa na likizo zikapunguzwa hadi siku chache. Mwishoni mwa mwaka 2021 mabweni kadhaa yaliteketea kwa moto, na wengi waliutaja uchovu wa wanafunzi kuwa mojawapo ya sababu. Mwezi Novemba aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza mapumziko ya katikati ya muhula. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023.

Ni vyema kutofautisha mambo hayo mawili. Afrika Kusini ilifupisha mihula na kuweka mapumziko baina yake. Kenya, kwa dharura, ilifupisha mihula na pia mapumziko. Idadi ya mihula peke yake haimwambii mtu kama mtoto atapumzika.

Sahani ya chakula

Lipo jambo jingine ambalo mjadala wa mihula hulisahau. Mwaka 1994 serikali ya Rais Nelson Mandela ilianzisha mpango wa chakula katika shule za msingi. Mpango huo umekua, na siku hizi huwalisha wanafunzi zaidi ya milioni 9 katika siku za masomo. Kwa mtoto wa familia maskini, kengele ya kufunga shule ni kengele ya kufunga jiko.

Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 2020. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, chakula nacho kilisimama. Shirika la Equal Education na shule mbili zilikwenda mahakamani, na mwezi Julai mwaka huo Mahakama Kuu mjini Pretoria iliamuru kwamba wanafunzi wote wanaostahili wapatiwe chakula, awe mtoto yuko darasani au yuko nyumbani.

Hukumu hiyo ilihusu wakati wa janga. Hata hivyo, swali iliyoibua linahusu kila likizo. Kalenda yenye mihula minne ina vipindi vinne vya kufunga shule kila mwaka, na katika kila kimoja wapo watoto wanaokwenda pwani na wapo wanaopungukiwa na mlo.

South Beach ya sasa

Tukirudi ufukweni, wakazi wa South Beach na Point wamebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawaruhusu wanaoomba hifadhi kuishi mijini badala ya kambini. Kutokana na hilo, katika mitaa hiyo Kiswahili husikika, kikisemwa na watu wa mashariki ya Kongo, wa Burundi na wa Tanzania. Wapo wanaolinda magari katika maegesho, wapo vinyozi na wapo wachuuzi. Watoto wao husoma pamoja na watoto wa Kizulu na wa Kihindi.

Kwa wazazi hao, Desemba si mwezi wa mapumziko. Ndio mwezi ambao maegesho yamejaa na vibarua vinapatikana. Mtoto hubaki katika chumba cha ghorofani, au huteremka ufukweni, ambako mchanga hautozwi kiingilio na waokoaji wa manispaa huwa kazini. Mgeni wa Johannesburg huja South Beach kwa sababu shule zimefungwa, na mkazi wake hupata riziki kwa sababu hiyohiyo.

Wala ufukwe wenyewe haujaacha kuwa uwanja wa mabishano. Mwezi Januari 2016, dalali mmoja wa nyumba wa KwaZulu-Natal aliandika mtandaoni maneno ya kuwafananisha na nyani watu weusi waliojaa ufukweni siku ya mwaka mpya. Mahakama ya Usawa ilimwamuru mwaka huohuo alipe randi 150,000. Kesi hiyo ilikumbusha kwamba kuondoa ubao kulichukua siku moja, lakini kuwakubali watoto wa wengine katika likizo ileile kunahitaji muda mrefu zaidi.

Historia hii ya Durban inatufundisha nini? Kwamba tarehe za shule hazikuwahi kupangwa kwa ajili ya darasa peke yake. Reli, hoteli, mbio za farasi, Pasaka, Kombe la Dunia na msongamano wa barabarani vyote vilipata sauti. Mwenye sauti ndogo kabisa alikuwa mtoto asiye na mahali pa kwenda shule zikifungwa. Basi wizara yoyote, iwe Pretoria, Nairobi au Dodoma, inapofikiria kuongeza mihula, ingefaa ianze na mtoto huyo: likizo itakapofika, atakula nini, na nani atakuwa naye?